Limuli si kaa, na jiwe la kijani si lazima malakite

Wazazi wengi katika miji yetu ya migodi, wakifungua kaye ya mtoto wa sekondari na kukuta «embranchement, classe, ordre, famille», wanauliza swali moja: hii italeta nini nyumbani? Pesa ya masomo inapatikana kwa taabu, mara ingine imetoka moja kwa moja ndani ya shimo, na mtoto anarudi na majina ya wadudu. «Heri wamufundishe kujua mawe,» wanasema, «mawe njo yatamupa mukate.»

Siwacheki. Shimo linakula watu, na mzazi ana haki ya kuuliza kila franka inakwenda wapi. Lakini ninaona wanakosea mahali pamoja. Kujua mawe na kupanga wanyama kwa jamaa ni akili moja, na mtoto anayenyimwa ya pili anapunguziwa na ya kwanza. Nitaonyesha hivyo kwa mnyama mmoja ambaye hayuko kwetu kabisa, lakini ana shaba ndani ya damu.

Wafaransa wanamwita limule. Siye tumwite limuli. Ni mnyama wa bahari, na hapatikani pwani yoyote ya Afrika. Leo kuko aina 4 tu duniani: moja upande wa mashariki wa Amerika ya Kaskazini, toka Marekani mpaka Meksiko, na 3 katika bahari za Asia, toka India mpaka Uchina na Japani. Mgongo wake ni sawa kaske ya mchimbaji iliyolazwa juu ya mchanga. Nyuma ana mkia mrefu, mgumu, wenye ncha. Watu wanauogopa ule mkia, wanafikiri unachoma kwa sumu kama wa nge. Hapana, hauna sumu. Wimbi likimwangusha miguu juu, anausimika chini na kujigeuza.

Damu yake ni ya bulu. Yetu ni nyekundu juu inabeba hewa kwa chuma, ndani ya kitu kinachoitwa hemoglobini. Ya limuli inabeba hewa kwa shaba, ndani ya kitu kinachoitwa hemosianini: kwa kila molekuli moja ya oksijeni, atomu 2 za shaba zinaishika. Damu ile ikikosa hewa haina rangi. Ikipata hewa inakuwa bulu. Mtu aliyefanya kazi katika usine na kuona maji ya sulfate ya shaba hatashangaa hata kidogo.

Sasa, swali la masomo: huyu ni wa jamaa gani?

Mwaka wa 1758 Carl Linnaeus, yule Mswidi aliyeanzisha namna ya kuwapa viumbe majina mawili ya Kilatini, alimwita Monoculus polyphemus. Monoculus maana yake mwenye jicho moja, na Polyphemus ni lile jitu la jicho moja la hadithi za Wagiriki. Limuli ana macho 2 makubwa yanayoonekana wazi pembeni ya kofia, pamoja na mengine madogo. Kwa hiyo jina la kwanza lilikosea hata kuhesabu macho! Linnaeus alimweka pamoja na viroboto wa maji na vijidudu vya mabwawa, na waliomfuata wakamwacha katika jamaa ya kaa na kamba, zaidi ya miaka 100. Sababu zao zilionekana nzuri: anaishi majini, ana gamba gumu, ana miguu mingi. Waingereza mpaka leo wanamwita kaa. Wajapani nao wanamwita kabutogani, yaani kaa wa kofia ya vita.

Mtu wa kwanza kupinga kwa nguvu alikuwa Straus-Dürckheim, mwaka wa 1829, aliyesema kwamba mnyama huyu ni wa upande wa nge na buibui. Hawakumsikiliza sana. Mwaka wa 1881 Mwingereza E. Ray Lankester akaandika makala ndefu yenye kichwa kifupi kinachosema kwamba limuli ni araknidi, maana yake ndugu ya buibui, nge na kupe. Hakuleta maneno matamu. Alihesabu.

Tuhesabu na siye, mtoto na mzazi. Kaa ana vipapasio mbele ya kinywa, jozi 2. Limuli hana hata kimoja. Mahali pale limuli ana koleo 2 ndogo, na nyuma ya koleo kuko jozi 5 za miguu. Jumla jozi 6. Haya, twende kwa nge: koleo 2 ndogo mdomoni, ambazo wengi hawazioni juu wanaangalia mkia tu, kisha ile mikono 2 mikubwa ya kukamatia, kisha jozi 4 za miguu. Jumla 6. Buibui: meno yake ya sumu njo zile koleo zilizogeuka, kisha vijikono 2 vinavyofanana na miguu mifupi, kisha jozi 4 za miguu. Ni 6 tena. Kupe wa mbuzi na wa mbwa ni vile vile.

Kisha Lankester akageuza tumbo. Chini ya tumbo limuli anapumua kwa mashavu yaliyopangwa kama kurasa za kitabu, moja juu ya ingine. Nge anapumua kwa mapafu yaliyofichwa ndani ya tumbo, nayo yamepangwa kama kurasa za kitabu. Kimoja ni cha majini, kingine cha hewani, lakini mpango ni ule ule.

Kwa hiyo nge anayejificha ndani ya kiatu chako cha kazi ni ndugu ya limuli kuliko kaa wa mtoni. Na kuko jambo la kushangaza zaidi: kaa naye ni ndugu ya panzi na ya inzi kuliko alivyo ndugu ya limuli. Hilo limethibitishwa vizuri sana siku hizi kwa ADN. Mtu akisema mbele yangu kwamba kupanga wanyama ni kukariri majina, ninamuuliza kama yeye peke yake, kwa kuangalia tu, angeweka panzi na kaa katika nyumba moja.

Ninarudi kwa mawe. Kila mchimbaji anajua kwamba rangi inadanganya. Malakite ni ya kijani. Krisokola nayo inaweza kuwa ya kijani, ao bulu ya kijani. Zote mbili zina shaba, lakini tone la asidi juu ya malakite linatoa povu, na juu ya krisokola hakuna povu. Moja ni karbonate, ingine ni silikate, na usine inajua tofauti ile hata kama jicho halijui. Heterogenite ya kobalti ni nyeusi. Na manganezi ni nyeusi pia. Wangapi wamejaza mifuko ya nyeusi, wakaipandisha kwa mgongo, wakafika sokoni na kuambiwa hakuna kitu? Yule aliyepanga mawe yake kwa rangi amefanya sawa Linnaeus aliyepanga limuli kwa maji na gamba.

Hata damu ya shaba yenyewe inadanganya. Nge ana damu yenye shaba, na buibui wakubwa pia, kwa hiyo mtu anaweza kusema haraka: njo alama ya jamaa! Lakini pweza naye ana damu ya bulu, na konokono wengi vile vile. Pweza na konokono si ndugu za limuli hata kidogo. Wajuzi wakifungua ile hemosianini yao wanakuta imejengwa kwa namna ingine kabisa. Shaba imeingia katika nyumba 2 tofauti kwa milango 2 tofauti. Alama moja haitoshi. Lazima uweke alama nyingi pamoja na uulize kila moja: wewe ulitoka kwa babu, ao ulipatikana njiani?

Swali lile lilitoa taabu zaidi kwa wanyama waliokufa zamani na kubaki ndani ya mawe. Na hapa ninapenda kuwasimulia kidogo, juu watu waliowapata wengi wao hawakuwa maprofesa. Walikuwa watu wa kariere.

Kule Scotland, katika karne ya 19, wakata mawe walikuwa wanakuta ndani ya mwamba vipande vikubwa vyenye alama kama magamba, na umbo kama mabawa. Wakaviita «Seraphim», malaika wa Biblia. Louis Agassiz, Mswisi aliyesifiwa kuliko wote kwa elimu ya samaki wa zamani, alipoonyeshwa vipande vile alifikiri ni samaki, akatoa jina Pterygotus, maana yake mwenye mabawa. Baadaye yeye mwenyewe aliona si samaki. Huko New York mwaka wa 1818 daktari Samuel Mitchill alikuwa amefanya vile vile: alipata mnyama wa jamaa hiyo ndani ya jiwe, akaandika kwamba ni kambale. Miaka 7 nyuma yake, James DeKay akaona ni mnyama wa miguu ya viungo, akamwita Eurypterus. Leo tunajua ni nge wa bahari, jamaa iliyokwisha kabisa, wajomba wa mbali wa limuli na nge wetu. Wengine walikuwa wadogo sawa mkono. Lakini mwaka wa 2007 wajuzi walitangaza koleo moja iliyopatikana katika kariere ya Willwerath, Ujerumani: koleo peke yake ilikuwa na sentimeta 46. Wakapiga hesabu ya mwili mzima, wakapata karibu meta 2 na nusu. Huyo hangepita mlangoni kwako bila kuinama.

Wakata mawe waliona malaika, daktari aliona kambale, profesa aliona samaki. Wote walikosea. Lakini ukiniuliza nani nilimheshimu zaidi, ninajibu wakata mawe, juu wao ndio walioweka vipande pembeni badala ya kuvipiga nyundo na kuvitia katika ukuta.

Mkaa wa mawe umetoa hazina kubwa zaidi. Katika jimbo la Illinois, Marekani, kampani zilichimba mkaa juu ya uso wa inchi, na udongo mgumu uliofunika mkaa ulitupwa kuwa milima. Ndani ya milima ile kuko mawe ya mviringo yenye chuma, makubwa sawa kiazi, na ukiyapasua sawasawa unakuta kiumbe wa miaka milioni 300 na zaidi: jani, kamba, mdudu, buibui. Mahali pale panaitwa Mazon Creek, na shimo moja, Pit 11, lilijulikana dunia nzima. Kule wanapata limuli mdogo anayeitwa Euproops, mwenye miiba pembeni. Wachimbaji, watoto wao, mafundi, watu wa siku ya Mungu baada ya ibada, walipanda milima ile na ndoo. Wanajua ufundi wa kupasua bila nyundo: wanalowesha jiwe ndani ya maji, wanalitia katika frigo mpaka maji yawe barafu, wanalitoa, wanarudisha, mpaka linafunguka lenyewe mahali palipo kiumbe. Sehemu kubwa ya vile makumbusho yanavyo leo kutoka pale iliokotwa na watu wa namna hiyo.

Na Uingereza, mwaka wa 1837, William Buckland aliandika juu ya mnyama mdogo kutoka inchi ya mkaa na chuma ya Coalbrookdale. Alisema ni mdudu mwenye mabawa magumu, wa jamaa ya wale fukusi wanaotoboa mahindi. Hapana. Alikuwa araknidi wa kundi linaloitwa risinulei. Mwaka uliofuata, 1838, Mfaransa Guérin-Méneville aliandika juu ya mmoja aliye hai, kutoka Afrika ya Magharibi. Wasomaji wakumbuke jina hilo, risinulei, juu litarudi katika ugomvi wa leo.

Maana ugomvi uko, na si mdogo. Tangu Lankester, wengi walikubaliana hivi: limuli ni ndugu ya araknidi, lakini anakaa inje ya nyumba yao. Babu wa zamani alikuwa wa baharini. Tawi moja likabaki majini, ni limuli. Tawi lingine likapanda inchi kavu mara moja tu, likazaa nge, buibui, kupe na wengine wote. Ni hadithi safi. Limuli alibaki pwani, araknidi walihama.

Kisha ADN ikaingia. Mwaka wa 2019 Jesús Ballesteros na Prashant Sharma, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Marekani, walitoa kazi iliyosema limuli hakai inje. Anakaa ndani kabisa ya nyumba ya araknidi, na katika hesabu zao nyingi ndugu yake wa karibu ni wale risinulei, viumbe wadogo wa giza wanaotembea polepole chini ya majani ya msitu. Mwaka huo huo kundi lingine la Ulaya, la Jesús Lozano-Fernandez na wenzake, likatumia ADN pia, likapata kinyume: araknidi ni nyumba moja na limuli yuko inje. Mwaka wa 2022 Ballesteros na wenzake wakarudi na aina za wanyama zaidi ya 500, wakasema tena: ndani. Kama wana haki, hadithi safi imevunjika. Ao araknidi walipanda inchi kavu zaidi ya mara moja, ao babu wa limuli alikuwa amepanda na akarudi baharini.

Mtu ambaye hajazoea atasema: sasa kama hata wenye mashini hawapatani, mtoto wangu ajifunze nini? Ninasema hapo njo pa kumfundisha. Mchimbaji anajua mashini ya kupima kile tunachoita «teneur». Anajua ukiielekeza kwenye mshipa mzuri wa jiwe inasema kubwa, ukiielekeza pembeni inasema ndogo. Jiwe lenye maji linasoma chini kuliko jiwe kavu. Mashini haidanganyi, lakini inajibu tu swali iliyoulizwa, mahali ilipoelekezwa, na anayeishika ana mfuko wake wa kuangalia. Na ADN ni hivyo. Wanyama hawa walitengana zamani sana, katika muda mfupi, mmoja baada ya mwingine. Alama za kutengana zilikuwa chache, na miaka mamilioni ya mabadiliko imezifunika. Kupe na utitiri wamebadilika mbio sana katika ADN yao, na wale wanaobadilika mbio wanavutana katika hesabu hata kama si ndugu. Ukichagua jeni hizi unapata limuli ndani, ukichagua zile unampata inje. Mpimaji mwema anasema: nilielekeza hapa, kwa sababu hii, na haya njo makosa yanayowezekana.

Mimi ninasimama wapi? Ninaona kazi ya 2022 ina uzito, juu ya wingi wa wanyama waliopimwa, na juu walijaribu wenyewe kuvunja jibu lao kwa njia nyingi. Lakini silali bado upande wao. Mapafu ya nge na mashavu ya limuli ninaweza kuyaeleza kwa hadithi zote mbili. Risinulei kuwa ndugu wa karibu wa limuli, hilo nataka kuona alama ya mwili inayolitegemeza, si hesabu tu. Mawe nayo hayajamaliza kusema. Mwaka wa 2013 James Lamsdell alichukua wale wote wa zamani walioitwa limuli, akawapanga upya, akaonyesha kwamba wengi waliingizwa kwa sababu ya sura tu. Walikuwa na kofia na mkia, wakaitwa limuli, kumbe ni matawi mbalimbali yaliyotoka chini zaidi katika mti. Jamaa iliyodhaniwa moja haikuwa moja. Ni kosa la Linnaeus tena, miaka 250 baadaye, na safari hii limefanywa na watu wenye darubini.

Vile vile sipendi neno wanalolipenda magazeti, «fossile vivant», kana kwamba limuli alilala usingizi toka zamani. Ni kweli, kule Solnhofen, Ujerumani, katika kariere ya mawe ya chokaa, walipata limuli wa miaka karibu milioni 150 mwishoni mwa nyayo zake mwenyewe, nyayo za meta 9.7, alitembea mpaka akafa, na ukimwona unamtambua mara moja. Lakini jamaa ilikuwa na wengine, kama Austrolimulus wa Australia mwenye pembe ndefu zilizotanda pembeni, na walioingia katika maji yasiyo na chumvi. Hao walikufa wote. Aliyebaki si mzee wa wote. Ni yule ambaye hakufa.

Sasa mzazi anayesema «hii haituhusu». Mama, umepeleka mtoto apate shindano ya vaksini? Umewahi kutiwa serumu hospitalini? Mwaka wa 1956 munganga Mmarekani Frederik Bang aliandika kwamba damu ya limuli inaganda mara moja ikikutana na mikrobe fulani. Kutokana na hapo yeye na Jack Levin walitengeneza dawa ya kupimia, na mwaka wa 1977 Marekani ikairuhusu rasmi. Tangu hapo, dawa za shindano, vaksini na serumu zinapimwa kwa chembe za damu ya limuli kuona kama zina sumu ya mikrobe inayoweza kuleta homa kali na kuua. Kabla ya hapo walichoma sungura na kungoja kama atapata homa. Limuli wa pwani ya Marekani wanakamatwa kila mwaka, wanatolewa sehemu ya damu, wanarudishwa baharini, na wengine wanakufa. Huko Singapore, Ding Jeak Ling na Ho Bow walichukua jeni ya kitu kile kutoka limuli wa Asia ili kitengenezwe bila kumwaga damu, na tangu mwaka wa 2021 kitabu cha dawa cha Ulaya kinakubali upimaji huo. Bulu ile imepita karibu na mkono wa mtoto wako, na hukujua.

Kuko na wengine wanaosema habari za miaka mamilioni zinapigana na kanisa. Sina neno na pasta wa mtu. Ninahesabu miguu.

Lakini mawe yetu? Hapa lazima nisema wazi, mtu asitafute limuli ndani ya shimo la shaba. Miamba ya shaba na kobalti ya Kolwezi na Likasi ina zaidi ya miaka milioni 700. Limuli wa kwanza wanaojulikana, wa Manitoba kule Kanada, wana miaka karibu milioni 445. Na ndugu zao wa Fezouata, Moroko, wana karibu milioni 480. Wakati matope ya shaba yetu yalipotulia, wanyama wenye miguu walikuwa hawajafika bado duniani. Ile RSC ambayo wazee wa kampani wanaijua vizuri, mwamba mgumu wenye matundu-matundu, ilijengwa tabaka kwa tabaka na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho. Mchimbaji anayeupiga nyundo anavunja ukuta wa viumbe hao, ukuta wa zamani kuliko mnyama yeyote niliyemtaja hapa. Ninapenda mtoto wake ajue hivyo, na ajue kutoka kwa baba kabla ya kutoka kwa mgeni.

Mkaa ni habari ingine. Miamba ya mkaa ya Luena, na ile ya Lukuga karibu na Kalemie, ni michanga kuliko ya shaba kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na katika Lukuga majani ya miti ya zamani yamechorwa ndani ya jiwe. Mahali palipo na majani na maji matulivu ya zamani, mtu ana haki ya kutafuta pia wadudu na araknidi. Nani ameangalia kwa macho ya watu wa Mazon Creek? Sehemu kubwa ya mawe na karatasi za jeoloji ya inchi yetu iko Tervuren, Ubelgiji. Kijana wa Lubumbashi anayetaka kushika jiwe la kwao anaomba viza kwanza. Hii njo inaniuma kuliko hesabu za ADN.

Nina mambo machache ya kuomba. Kampani zinazotoboa inchi zinatoa zile nguzo ndefu za mawe tunazoita karoti, wanachukua kipande cha kupima, na nyingi zinabaki kuozesha masanduku chini ya jua. Ziletwe sehemu shuleni, kila sanduku na karatasi yake: shimo gani, kina gani, tarehe gani. Jiwe lisilo na karatasi ni sawa mtu asiye na kitambulisho, hakuna anayeweza kumsaidia. Walimu wa biolojia wa Luena na Kalemie waende na mwalimu wa jeografia na wanafunzi kwenye mawe yaliyotupwa, si ndani ya mashimo, ninarudia, si ndani ya mashimo, na kila alama ya jani ao ya mguu iandikwe mahali ilipotoka kabla ya kuoshwa. Makumbusho ya Lubumbashi na kitivo cha sayansi cha chuo kikuu wajue nani wa kuandikiwa.

Na kwa nyumbani, usiku mmoja mkikamata nge, msimponde mara moja. Mfunikeni kwa chupa, mwite watoto, muwashe taa, muhesabu jozi toka mdomoni. Mkifika 4 mtakuwa mmesahau koleo na mikono, anzeni tena. Wale risinulei, waliotiwa katika ugomvi na limuli, wanaishi mpaka leo katika misitu ya Kameruni na Gabon, chini ya majani yaliyooza, wadogo kuliko kucha ya kidole kikubwa, na watu wanaowatafuta Afrika nzima ni wachache sana. Atakayekwenda kuwatafuta katika msitu wetu wenyewe atahitaji kupaji, koleo ndogo, chupa ya alkoli, na mwalimu aliyemfundisha mapema kwamba 5 na 1 ni 6.